Misheni ya Wiki Mbili Nje ya Nchi: Ya Kupanga Kabla ya Kuvuka Namanga

Kila inapokaribia likizo ya Juni au Desemba, maswali ya wasomaji huwa yaleyale. Kwaya ya vijana imealikwa Bujumbura, waanzie wapi kuhusu pasipoti? Mwalimu wa shule ya Jumapili anataka kwenda Malawi kufundisha wenzake, je, barua ya mchungaji inatosha au lazima ya askofu? Na kuna wanaouliza, kwa sauti ya chini kidogo, kama wanaweza kubeba katoni ya dawa wakagawe kijijini.

Makala hii imeandikwa kwa ajili yao. Inamhusu mtu wa kawaida wa usharika, si mmisionari wa kudumu. Ni fundi, muuguzi, mwanakwaya au mzee wa kanisa anayetoka Arusha kwa siku chache kwenda kulitumikia kanisa la nchi nyingine, kisha anarudi kazini kwake Jumatatu.

Mtu wa Kimandolu, hapa Arusha, anaanza safari hiyo na faida ambayo wengi hawaijui. Ukanda wote kuanzia Kimandolu kupitia Tengeru hadi Usa River umepokea wageni wa misheni kwa miaka mingi. Watu wamewaona wakipaka rangi madarasa ambayo fundi wa mtaani angeyapaka kwa siku mbili, wakipiga picha na watoto wasiojua majina yao, wakiahidi kisima, kisha wakipanda ndege KIA. Wamewaona pia wachache walioketi, wakauliza, wakasikiliza, na miaka kumi baadaye bado wanapiga simu. Kwa hiyo tofauti ya mgeni mzuri na mgeni mzigo inafahamika kabisa. Kazi iliyobaki ni kuikumbuka zamu inapogeuka, mgeni anapokuwa wewe.

Kwanza: nani amekuita?

Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika, hata kabla ya nauli kuchangwa. Kikundi kinaamua chenyewe kwenda, kinachagua tarehe inayolingana na likizo zao, kisha kinatafuta kanisa la kukipokea. Mwenyeji wa Kiafrika hana namna ya kumkatalia mgeni. Atasema karibuni, halafu atahangaika.

Historia ya Meru ina mfano mzito wa jambo hili. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri pamoja na Wachaga waliofuatana nao, wakitafuta mahali pa kujenga kituo. Karibu nao ilikuwa imepiga kambi safari ya kijeshi ya Wajerumani chini ya Kapteni Johannes. Mashujaa wa Kimeru na Kiarusha waliwavamia usiku, wakawaua. Kisasi cha Wajerumani kilichofuata kiliteketeza makazi na kupora mifugo, na kituo cha Nkoaranga hakikuanzishwa hadi 1902. Wale wawili huenda walikuja na Biblia tu mkononi, lakini wenyeji waliangalia waliofuatana nao.

Leo hakuna kapteni. Yupo mwanasiasa anayetoa gari, au mchungaji aliyejitenga na dayosisi yake anayetafuta wageni wa kumpa uzito. Mgomvi wa aina hiyo hufurahi sana kuona basi lenye namba za Tanzania likiegesha kwake. Wanaokumbuka mgogoro wa Dayosisi ya Meru mwanzoni mwa miaka ya 1990, jinsi ulivyogawa hata familia, wajiulize kwaya kutoka nje ingejuaje wakati ule ni upande gani umeialika.

Basi kabla ya yote, ipatikane barua ya mwaliko. Iwe na:

- jina la kanisa lenye usajili katika nchi hiyo, na sahihi ya kiongozi anayetambulika;
- tarehe, mahali, na kazi yenyewe. "Kuhubiri injili" haitoshi; iandikwe semina ya siku tatu ya walimu wa shule ya Jumapili, au mkutano wa injili wa siku nne ndani ya uwanja wa kanisa;
- idadi ya watu wanaoweza kupokelewa;
- nani atalipia malazi, chakula na usafiri wa ndani.

Barua ikishafika, kiongozi wako apige simu ngazi ya juu ya kanisa lile kuthibitisha. Kwa Walutheri ni ofisi ya dayosisi. Madhehebu mengine yana ngazi zao. Upande wa nyumbani, mchungaji wa usharika aandike utambulisho, na wakuu wake wajue. Ofisa wa mpakani akiwa na shaka atampigia mtu mwenye cheo kabla ya kumsikiliza mwenyekiti wa kwaya.

Wapo watakaosema Mungu amekwisha kuwaita, barua ya nini? Kanisa la Kilutheri Malawi ni jibu zuri. Lilianza 1982 kwa Wamalawi waliokuwa wameufahamu Ulutheri wakiwa Tanzania, kisha wakarudi kwao. Wenye nyumba ndio walioanza. Wageni walikuja nyuma yao kusaidia.

Nchi haziko sawa

Kuingia nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kama mgeni ni rahisi kwa Mtanzania. Kuhubiri hadharani ni habari nyingine.

*Kenya.* Namanga kuna kituo cha pamoja cha mpakani tangu 2018, na taratibu za nchi zote mbili humalizwa hapohapo. Lakini tangu mkasa wa wafuasi wa mhubiri mmoja huko Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, wahubiri wageni wasiojulikana huulizwa maswali zaidi. Usishangae wala usichukie.

*Rwanda.* Soma hili mara mbili. Serikali ilifunga maelfu ya makanisa mwaka 2018, ikarudia 2024, kwa sababu za majengo, usafi, kelele na usajili. Sheria ya 2018 inataka wanaoongoza makanisa wawe na elimu ya theolojia. Spika stendi, mahubiri sokoni na maombi ya kukesha kwa sauti kubwa, mambo ambayo Arusha hayamshtui mtu, kule yanaweza kumpeleka mwenyeji wako polisi wiki moja baada ya wewe kuondoka.

*Kongo.* Ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022. Usidhani uanachama huo umemaliza habari ya viza. Uliza ubalozi wao Dar es Salaam. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025. Mwenyeji akisema msije sasa, mwamini, hata kama tiketi zimekwisha kulipwa.

*Ulaya.* Kwaya zinazoalikwa Ujerumani na makanisa rafiki zikumbuke kwamba maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifidie angalau euro 30,000. Watu ishirini wakiomba wiki tatu kabla, nusu watabaki nyumbani, na mara nyingi nusu hiyo ndiyo yenye sauti ya pili.

Karatasi, na yale yanayosahaulika

Anza na pasipoti miezi mitatu kabla. Maombi hufanyika mtandaoni kwenye mfumo wa Uhamiaji, na ada ya pasipoti ya kawaida ya kielektroniki ilipoanza 2018 ilikuwa shilingi 150,000. Kinachochelewesha wengi si ada. Ni namba ya NIDA ambayo haijatoka, au cheti cha kuzaliwa chenye jina tofauti na la kitambulisho: Elibariki huku, Elly kule. Kila mwenye tofauti ya namna hiyo aanze kwa wakili kuandika hati ya kiapo, mapema.

Vingine:

- Kadi ya homa ya manjano. Uganda, Burundi na Kongo huiulizia, na unaweza kuulizwa hata ukirudi nyumbani. Chanjo huhesabika siku kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchanjwa usiku wa kuamkia safari hakukusaidii. Tangu 2016 kadi hiyo haiishi muda. Aliyechanjwa zamani asilipe tena, aitafute kabatini.
- Watoto chini ya miaka 18. Barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili, nakala ya cheti cha kuzaliwa, na mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina kuwajibika kwa kila mtoto.
- Vyombo vya muziki. Kinanda, spika, mashine ya kuchanganyia sauti: viandikwe kwenye orodha yenye namba za kiwandani, na orodha ioneshwe forodhani wakati wa kutoka. Bila hivyo, wakati wa kurudi utaulizwa ushuru wa kinanda kilichonunuliwa Arusha.
- Mifuko ya plastiki. Rwanda ilipiga marufuku 2008, Kenya Agosti 2017, kwetu Juni 2019. Sare za kwaya zifungwe kwenye mabegi ya nguo.

Na ofisa akiuliza mnakwenda kufanya nini, ajibiwe ukweli. Kuna kaushauri kanakozunguka makanisani: "Semeni mnatembelea ndugu." Basi lenye watu thelathini, sare za aina moja, ngoma na spika nne linatembelea ndugu gani? Uongo huo ukishagunduliwa, hata barua halali mnayoitoa baadaye inaonekana ya kughushi.

Sahani 630

Michango ya safari kwa kawaida hupatikana. Usharika unatangaza harambee, bahasha zinagawiwa, baada ya ibada kunakuwa na mnada wa mikungu ya ndizi na majogoo, na mhazini anakusanya. Tatizo liko kwenye hesabu, kwa sababu watu wanapiga hesabu ya nauli na kusahau sufuria la mwenyeji.

Kikundi cha watu thelathini kikila mara tatu kwa siku, kwa siku saba, ni sahani 630. Katika usharika wa kijijini maana yake ni kwamba akina mama wanaamka saa kumi usiku kuteka maji, magodoro yameazimwa nyumba kumi na tano, mbuzi wawili wamechinjwa kabla ya Jumatano, na mchele unanunuliwa kwa mkopo dukani. Hakuna atakayewaambia. Mtapokelewa kwa vigelegele, mtaombewa, mtaagwa kwa zawadi ya kitenge, na deni litabaki kwa mzee wa kanisa.

Wanaojua hufanya hivi:

1. Hupunguza idadi. Watu wanane wenye kazi inayoeleweka wanafaa kuliko thelathini wanaosubiri zamu ya kuimba.
2. Hutuma fedha ya chakula wiki mbili kabla, kwa akaunti ya kanisa, si simu ya mtu binafsi.
3. Hutenga fedha ya wapishi na ya maji, na kuilipa kama malipo, siyo kama zawadi ya kuagana.
4. Huacha akiba ya dharura isiyoguswa: ya kumrudisha mgonjwa mmoja nyumbani usiku.

Fedha isikae kwa mtu mmoja. Mhazini na shahidi, daftari moja, risiti kila zinapopatikana, na pasipokuwa na risiti, sahihi ya aliyepokea. Bahasha ambazo wenyeji humpa mhubiri mgeni zijadiliwe kabla ya kuondoka Arusha: zinaingia mfuko wa safari, zinarudishwa kwa kanisa lililotoa, au ni za mhubiri? Wasiojadili huzigombea ndani ya basi, njia nzima.

Hapa huja pingamizi lenye nguvu kuliko yote: kwa nini fedha yote hiyo isitumwe tu, watu wakabaki nyumbani? Mbona Longido na Loliondo kuna kazi tele? Ni swali la haki, na mara nyingine jibu lake ni ndiyo, itumwe. Kama mnachopeleka ni saruji na mabati, fundi wa huko atajenga vizuri na kwa bei nafuu. Safari inastahili gharama pale kinachohitajika kinapokuwa kichwani au mikononi mwa watu wenu, au pale inapokuwa hatua moja ya urafiki mrefu. Dayosisi ya Iringa na makanisa ya eneo la Saint Paul, Minnesota, wamekuwa na uhusiano wa namna hiyo tangu miaka ya 1980, wakauita Bega kwa Bega. Usharika mmoja hushikana na usharika mmoja, mwaka baada ya mwaka, na safari za kutembeleana ni sehemu ndogo tu ya mambo.

Kazi gani ifanyike, na ipi isiguswe

Kazi nzuri ya wiki mbili ni ile ambayo mwenyeji ataiendeleza bila wewe. Mhasibu akae na wahazini wa mitaa wafunge mahesabu ya mwaka pamoja. Fundi umeme awafundishe vijana wawili kutengeneza kipaza sauti kilichokufa. Mwalimu wa kwaya aache nyimbo zimeandikwa kwa nota na kurekodiwa kwenye simu zao. Muuguzi afanye kazi kwenye zahanati iliyopo, chini ya mganga wa huko, baada ya kuuliza mamlaka za afya za nchi hiyo kuhusu kibali.

Zile katoni za dawa ziachwe. Kugawa dawa katika nchi isiyo yako bila kibali ni kosa, na anayepewa dozi na mgeni hana wa kumrudia ikimdhuru.

Kesi ya Jinja, Uganda, isomwe na kila kikundi kinachoota huduma ya tiba. Renée Bach, Mmarekani aliyekwenda huko akiwa kijana kwa moyo wa kutumika, aliendesha kituo cha watoto wenye utapiamlo mkali ilhali hana mafunzo ya udaktari wala uuguzi. Kati ya 2010 na 2015 watoto zaidi ya 100 walifia humo. Mwaka 2019 akina mama wawili walimfungulia kesi. Yeye alikana kwamba alijifanya daktari, na mwaka 2020 shauri likaisha kwa makubaliano ya malipo bila kukiri kosa. Suala lililobishaniwa halikuwa nia yake.

Kuhusu watoto, tahadhari ni kali zaidi. Baada ya tetemeko la Haiti, Januari 2010, Wabaptisti kumi wa Marekani walikamatwa wakijaribu kuwavusha mpaka watoto 33 bila nyaraka. Walidhani ni yatima. Ikaja kuonekana kwamba wengi wao walikuwa na wazazi. Kwa safari zenu sheria ziwe fupi:

- mtu mzima asikae peke yake na mtoto wa mwenyeji, hata kwa maombi;
- asiahidiwe mtoto yeyote kwamba atasomeshwa;
- picha ya mtoto isipigwe bila ruhusa ya mzazi, na ya mgonjwa isipigwe kabisa.

Kuhusu picha, kipimo kipo karibu. Je, ungependa picha hiyohiyo ipigwe kwa mwanao, akiwa na kamasi na shati lililochanika, pale nyuma ya soko la Kimandolu, kisha iwekwe kwenye kalenda ya kanisa la watu usiowajua?

Kiswahili kitawafikisha wapi?

Mbali, ila si kote. Bujumbura kinasikika, hasa Buyenzi. Mashariki ya Kongo ni lugha ya kila siku, ingawa chao kimechanganyika na Kifaransa na mtu wa Arusha hupotea kidogo siku ya kwanza. Uganda hali ni tofauti: kwa muda mrefu Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na wazee wengine hawajakisahau kwa hilo. Uliza kwanza watu wanataka ibada kwa lugha gani. Msumbiji ukitoka mpakani utahitaji Kireno, Malawi Kichewa.

Palipo na mkalimani, mahubiri ya nusu saa huwa saa nzima. Yakatwe nusu. Mkalimani apewe maandiko na mifano jana yake, na utani wa Kimeru ubaki Meru.

Afya

Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya bahari. Waliokulia kwenye baridi ya Mlima Meru hawana kinga kubwa ya malaria, na wakishuka Bujumbura au Kalemie, kwenye joto la Ziwa Tanganyika, wanaugua kuliko wenyeji wao. Waone daktari kuhusu dawa za kinga, kila mtu abebe chandarua chake, na homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi ipimwe siku hiyohiyo, na daktari aambiwe ulikotoka. Ushauri huo wa mwisho una sababu nyingine: Kongo imepata milipuko ya Ebola mara nyingi, ule wa 2018 hadi 2020 ukiua zaidi ya watu 2,200, na Marburg imefika hata kwetu Kagera, mwaka 2023 na tena 2025. Palipo na mlipuko, safari iahirishwe.

Mwenye kisukari au presha abebe dawa za siku zote na za wiki moja ya ziada, kwenye begi la mkononi, zikiwa na karatasi ya daktari.

Mkisharudi

Ripoti isomwe kanisani ndani ya wiki mbili, na mahesabu yabandikwe ubaoni, hata yale ya aibu. Waulizwe wenyeji nao, kwa simu na mtu ambaye hakusafiri: nini kilisaidia, nini kiliwasumbua? Wakiulizwa na mtu waliyemlisha wiki nzima hawatasema.

Kisha simu zitaanza. Karo ya mtoto fulani, paa lililoezuliwa, pikipiki ya mwinjilisti. Kila msafiri atapokea zake kwa siri, na kwa kuwa ana sura za watu wale kichwani, atatuma. Baada ya miezi sita wawili watakuwa wamechoka na mmoja hapokei tena simu za namba ngeni. Kikundi kikubaliane mapema kwamba maombi yote yapite kwa kiongozi wa kanisa mwenyeji, yaandikwe, na yajibiwe na kamati moja kwa tarehe inayojulikana, hata kama jibu ni kwamba mwaka huu fedha haipo. Anayetaka kutoa chake binafsi asikatazwe, lakini amjulishe mchungaji wa kule kiasi na aliyepewa, ili jirani wa yule aliyepewa asije akalazimika kuuliza.